Daftari la Nne la Haji Wasfi

Bismillahi.

Mheshimiwa Bibi Samiha, mwenye kiwanda chetu. Sheikh Munib, imamu wa msikiti wetu, ambaye sote hapa tumewahi kuchelewa swala yake tukaisingizia sufuria. Mheshimiwa mwakilishi wa wafanyabiashara wa mji. Haji Wasfi, mwenye siku yake leo, pamoja na mama yetu Hajjati Umm Raghid. Ndugu wageni waalikwa. Ndugu zangu wa chini, watu wa moto na mwiko. Na ndugu zangu wa juu, watu wa kamba na muhuri, ambao najua mtalalamika kwamba mmetajwa mwisho, kama mlivyolalamika katika kila sherehe ya kiwanda hiki tangu mimi nina miaka kumi na mitano: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Hamjambo nyote? Za afya? Siulizi kwa mazoea. Baridi ya mwaka huu imetushika vibaya, Sheikh bado anakohoa, na Abu Hilal wa ghorofani nimemwona ameingia na bakora ambayo mwezi uliopita hakuwa nayo. Mwenyezi Mungu awape shifaa. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila goti la kulia linanihesabia ngazi zetu ishirini na tisa kila asubuhi, moja baada ya nyingine, bila kusahau hata moja.

Nimepewa robo saa ya kumsifu Haji Wasfi, anayestaafu leo baada ya miaka arobaini na mmoja ya kupika sabuni, na miaka ishirini ya mwisho akiwa mpishi wetu mkuu. Niseme mapema kwamba sifa zitakuwa chache. Jana alinikuta ngazini akaniambia, "Abu Labib, usinipake sukari kesho. Sabuni haiungwi sukari." Nimemsikia, na nitajitahidi. Lakini nina ombi moja kwake, nalo nitalitoa mbele yenu, kwa sababu kosa linalolihusu nililifanya faraghani na faragha hiyo imenichosha. Ombi lenyewe halitaeleweka mpaka kwanza niwaambie daftari la nne liko wapi.

Mmepita pale mezani. Mwanawe Raghid ameyapanga madaftari ya baba yake yote, na ameyabandikia karatasi za namba, moja hadi ishirini na tatu. Wengi mmefungua, mmesoma, mmecheka. Na wengi mmeona kwamba kati ya la tatu na la tano pana nafasi tupu, upana wa kiganja. Kwa miaka thelathini na mitatu, kila aliyeuliza habari za nafasi hiyo amejibiwa na Haji neno moja tu: lilipotea.

Ndugu wageni, daftari lile halikupotea. Lakini tuanze mwanzo.

Wageni wetu huenda hawajui, na watu wa kiwanda wamekwisha sahau, kwamba ufundi huu ulikuwa wa koo. Ukizaliwa katika nyumba ya wapishi, unapika. Ukizaliwa katika nyumba ya wakataji, unapanda juu ukapige mistari kwa kamba, ukate, ugonge muhuri. Mimi nilizaliwa kwa wapishi. Baba yangu, Haji Shukri, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi mkuu, na baba yake kabla yake. Mafuta ya zeituni na magadi makali huchemka siku saba ndani ya sufuria kuu ya shaba, na siku ya mwisho mpishi huchovya kijiti, hukileta puani, hunyamaza kidogo, kisha husema imeiva au bado. Neno lake likitoka, sabuni ya moto inapandishwa ngazi mabegani, inamwagwa juu ya sakafu nzima, na haiwezi kurudi. Kila kitu kimesimama juu ya pua ya mtu mmoja. Ulimi pia ungeweza kuonja, maana sabuni mbichi huuma ulimi, lakini kwetu ulimi ni wa wanafunzi. Mpishi aliyekamilika akionekana anaonja, watu wa juu wangekuwa na la kusema kwa mwaka mzima.

Sasa akaja kijana wa miaka ishirini na mitano, kutoka kijijini, mtoto wa mkulima wa zeituni, hana ukoo wa chini wala wa juu. Sisi tuliozaliwa ndani ya sabuni tulirithi pua. Yeye hakurithi kitu, basi akaandika.

Alikuwa na daftari la waya mgongoni na penseli nyekundu iliyofungwa kwa uzi. Aliandika mafuta ya leo yametoka kijiji gani, yamekaa siku ngapi njiani barabara ilipofungwa, upepo umetoka upande wa mlima gani, magadi yametiwa saa ngapi. Na zaidi ya yote aliandika maneno ya baba yangu siku ya kijiti. Baba hakuwa mtu wa kusema tu imeiva. Alikuwa akisema, inanukia mlozi mbichi. Au, inanukia ukuta uliopakwa chokaa juzi. Au, bado, ina harufu ya mkono wa mvuvi. Kijana huyu akayachukua yote, siku hiyohiyo, kabla ya chai, kwa sababu aliamini kwamba chai hufuta nusu ya unachokijua.

Je, tulimpongeza? Tulimwita Malaika wa Kushoto. Ndilo jina alilobeba miaka kumi. Akikaribia, mtu husema ficheni dhambi, mwandishi anapita. Abu Hilal, wakati huo bado yuko chini nasi kabla hajapandishwa cheo kwenda kwa watu safi, alikuwa akichoma viazi katika tanuri la kiwanda, na siku moja akamwambia, "Andika na hili basi, Malaika: Abu Hilal kala viazi viwili." Akaandika. Fungueni daftari la pili, ukurasa una alama ya mafuta. Imeandikwa: Abu Hilal, viazi viwili, vimeiva kabla ya adhuhuri, moto umezidi. Na sufuria ya wiki ile, kama mtasoma chini kidogo, ilishika chini. Sisi tulikuwa tunacheka viazi. Yeye alikuwa anapima moto.

Baba mwenyewe hakupenda. Mtu anayekuandika kila neno hukufanya ujione umekwisha kufa. Akamuuliza siku moja unaandika nini, mimi sijafa hata uanze kugawa mirathi yangu. Wasfi akajibu kwa adabu, "Ami, naandika kwa sababu kichwa changu kinavuja." Baba akamwambia, "Basi vaa kofia." Lakini tangu siku ile niliona kwamba akishasema neno lake juu ya kijiti, alikuwa anangoja kidogo mpaka penseli isimame.

Ukaja mwaka wa ukame, ule ambao zeituni zilianguka zimesinyaa kama kokwa tupu. Mafuta yake yalikuwa mazito, makali, hayakufuata siku saba wala siku nane. Baba alipika sufuria kumi na moja msimu ule, na kila moja ilikuwa shauri jipya. Wasfi akajaza daftari la nne kutoka jalada hadi jalada.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliacha shule darasa la sita nije kuwa mpishi, na nilijiona nimekwisha kuwa. Asubuhi moja, mbele ya watu kumi na mmoja, nilichovya kijiti nikanusa nikasema imeiva. Baba hakukichukua kijiti. Hakunitazama hata. Akasema, "Mwulizeni Wasfi, ile ya mwezi uliopita ilikuwaje siku hii." Wasfi akafungua, akasoma, akasema bado siku moja na nusu. Na ikawa bado siku moja na nusu.

Mtu akikukosea wewe unaweza kumsamehe. Mtu akiwa sahihi mbele ya baba yako, je?

Alasiri ya siku ile watu wakaenda kuswali. Mimi nilisema nitabaki na moto. Sheikh, naomba radhi, hiyo ni swala ya jamaa niliyoikosa kwa makusudi. Daftari lilikuwa juu ya ukingo, karibu na magunia ya magadi, limefungwa kwa mfuko wa nailoni kama mtoto aliyefunikwa. Nikalichukua nikalitia tanurini pamoja na kokwa za zeituni. Liliwaka upesi kuliko nilivyodhani. Kurasa zilijifungua zenyewe, moja moja, kana kwamba kuna mtu anazisoma.

Aliporudi alilitafuta. Alilitafuta siku tatu. Alimuuliza kila mtu mara moja, na mimi mara moja, kwa jina langu la ujana. "Fakhri, hukuliona daftari langu?" Nikasema sikuliona. Akasema, "Haya." Siku ya nne alikuja na daftari jipya, lina waya mgongoni, na penseli ileile.

Naona Bibi Samiha ameweka chini kikombe chake. Bibi, mimi nilitarajia hivyo. Niache nimalize, maana dhambi yangu haikuishia tanurini. Ilikaa kimya miaka minane, kisha ikamrudia asiyehusika.

Baada ya miaka minane ukame ulirudi. Na majira ya baridi yale baba yangu alipata homa, akalala wiki tatu. Aliponyanyuka alikuwa na miaka sitini na mmoja, mgongo umenyooka, sauti ileile, na hakuwa na pua. Namaanisha pua ilikuwepo, harufu haikuwepo. Kahawa, moshi, mafuta, maiti ya panya, kwake vyote vilikuwa hewa. Hakumwambia mtu. Hakumwambia mama. Mpishi wa sabuni asiye na pua ni muadhini asiye na sauti. Atasema nini, na kwa nani?

Akapika. Siku ya kijiti alikileta puani, akanyamaza kama kawaida yake, akasema, "Imeiva." Ikapandishwa, ikamwagwa, ikakatwa, ikapigwa muhuri, ikapangwa minara ili ikauke. Baada ya wiki tatu minara ilianza kutoa jasho. Watu wa juu walishuka na vipande mkononi vimeota unga mweupe, na ukiugusa kwa ulimi unaruka. Sakafu nzima. Wengine walilaumu mafuta. Mimi nililaumu wakorogaji. Marehemu Bwana Burhan, babake Bibi Samiha, aliyekuwa mtu wa haki lakini hakuwa mtu wa kungoja, alimwita baba akamwambia kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba ikiharibika na sufuria inayofuata, basi Haji Shukri apumzike nyumbani, na mwiko utafutiwe mtu mwingine. Miaka mia tatu ya ukoo wetu, au tuseme miaka ambayo ukoo wetu husema ni mia tatu, ilikuwa imebaki juu ya sufuria moja.

Hapa ndipo nataka vijana mlioanza kazi msikilize, maana hili halimo katika ukoo wowote.

Wasfi alikwenda nyumbani akakaa na madaftari yake. Sote tulikuwa tunatafuta kosa katika mafuta, magadi, na moto. Yeye alikuwa na kitu ambacho hatukuwa nacho: maneno. Akasoma miaka kumi na sita ya baba yangu kwenye kijiti. Mlozi mbichi. Chokaa ya juzi. Sufu iliyolowa. Mkono wa mvuvi. Kila siku ya kijiti, miaka kumi na sita, palikuwa na harufu. Na siku hii ya mwisho paliandikwa neno moja tu, imeiva. Mtu ambaye hajawahi kunusa bila kufananisha, kwa nini leo hakufananisha?

Angeweza kwenda kwa Bwana Burhan. Alikuwa na ushahidi mkononi, na hakuna aliyestahili mwiko kuliko yeye. Alikwenda msikitini. Baada ya swala ya alfajiri alimngoja baba nje, wakatembea pamoja kuelekea sokoni, na njiani akamsomea orodha ile, polepole, mpaka neno la mwisho. Baba alisimama. Miaka mingi baadaye alinisimulia kwamba alitaka kumpiga. Badala yake akamuuliza, "Nani mwingine anajua?"

Wasfi akamwambia, "Mimi na penseli."

Akamshauri jambo moja. Yapo mafuta kama haya yaliyowahi kupikwa na yameandikwa, tukiyafuata hatua kwa hatua hatutahitaji pua. Baba akafurahi, akauliza yameandikwa wapi. Na Wasfi akamwambia, katika daftari la nne.

Ndugu zangu, mnaona njia ile ilivyozunguka? Mimi nilidhani nachoma daftari la Wasfi. Nilichoma pua ya baba yangu, miaka minane kabla hajaihitaji.

Walifanya nini? Walianza upya. Hajjati Umm Raghid yupo hapa, na masufuria yake matatu ya maqluba hayakupikiwa wali tena. Kwa siku kumi na tisa, uani kwa Wasfi, mzee wa miaka sitini na mmoja alipika sabuni kidogo kidogo kama mwanafunzi, na alipofika siku ya kijiti, Wasfi alimwambia kwa heshima zote kwamba hapana budi kuonja. Baba alikataa. Siku nzima alikataa. Akasema, "Ulimi? Mimi? Niende nikakae na watoto?" Hajjati, aliyekuwa anaanika nguo, akamjibu bila kugeuka kwamba ami, masufuria yangu yameshakwenda kukaa na watoto, na wewe waweza. Baba akaonja. Akajifunza upya: jinsi sabuni inavyouma na inavyoacha kuuma, jinsi inavyodondoka kutoka kijitini kwa utepe au kwa tone, jinsi povu linavyobadili sauti kutoka kuongea hadi kunong'ona. Sufuria ya kwanza iliharibika, ikaandikwa. Ya pili ikaharibika, ikaandikwa kwa penseli ileile, kwa herufi za ukubwa uleule. Hilo ni jambo la Haji Wasfi ambalo sijaliona kwa mwingine: kuharibika kwake na kufaulu kwake vina mwandiko mmoja. Ya tatu ikaiva.

Kisha ikaja sufuria kuu. Mimi nilikuwepo, sikujua lolote. Nilimwona baba akichovya kijiti, akakileta puani kwa ajili yetu, kisha akageuka upande wa ukuta kidogo kama mtu anayekohoa. Sasa najua alikuwa anaonja. Akasema siyo leo. Kesho yake akasema siyo leo. Bwana Burhan alikuwa ameshuka, amesimama pale ngazini na saa yake. Siku ya kumi, baba akageukia ukuta, akarudi, akasema imeiva. Sabuni ile ilikaa minarani miezi minne. Haikutoa jasho hata tone.

Alibaki mpishi mkuu miaka mitano zaidi, kisha akamkabidhi Wasfi mwiko badala yangu, na nilipouliza kwa nini, alinijibu kwamba nitajua. Kabla ya kufa aliniambia yote, akaniruhusu nikishamzika niseme, na akaniuliza kama nilikuwa na lolote la kumwambia. Nikasema sina. Baba yangu hakuwa na pua, lakini uongo ule nadhani aliunusa.

Katika miaka ile mitano alifanya na jambo jingine. Alikuwa anaisoma Qur'ani kwa kuhifadhi, kuandika hakujua. Wasfi akamfundisha herufi, Alhamisi kwa Alhamisi, siku ambayo mpaka leo hurudia kusoma alichoandika wiki nzima. Lichukueni daftari la tisa, la ile siku ya kumi. Chini ya maandishi ya Wasfi pana mstari uliopinda kama kamba ya watu wa juu siku ya upepo. Uliongezwa miaka mitatu baadaye, katika nafasi ambayo Haji huiacha kila ukurasa kwa ajili ya mtu atakayejua zaidi. Ni mwandiko wa baba yangu, wa pekee tulio nao. Umesema: Siku hii sikunusa. Nilisoma.

Nimekaribia mwisho, najua kunafa yenu tamu inapoa mezani.

Mwaka huu, mnajua, mvua haikunyesha. Mafuta yatakayoingia ni yale mazito, na kuanzia kesho mwiko ni wangu, nina miaka hamsini na mitano na pua nzima kwa rehema ya Mola. Daftari la tisa litanifundisha kupika bila pua. Lakini la nne ndilo lililokuwa na pua yenyewe: sufuria kumi na moja za ukame, na maneno ya baba yangu kwa kila moja. Hayapo tena duniani ila mahali pamoja, katika kichwa kile ambacho mwenyewe anadai kinavuja.

Wiki iliyopita nilimsaidia Raghid kupanga meza. Nikalifungua daftari la tano. Miaka thelathini na mitatu sikuwahi kuligusa, kwa sababu niliogopa kukuta jina langu. Ukurasa wa kwanza una mistari mitatu, na nimeihifadhi: Daftari la nne limeungua. Nimekuta waya wake majivuni, na namjua. Simwandiki. Baada ya hapo yanafuata mafuta ya siku ile, na upepo, na saa ya magadi.

Sheikh Munib ametufundisha, atanisahihisha nikikosea, kwamba imepokewa kuwa malaika wa kushoto, mja anapokosa, huinua kalamu yake kwanza na kungoja, huenda mja akatubu. Tulimpa Haji Wasfi jina lile kwa kejeli, na hatukujua tunampa jina lake. Malaika hungoja saa chache. Huyu ameinua kalamu miaka thelathini na mitatu, akinisalimu kila asubuhi, akinifundisha kazi, akinikabidhi mwiko.

Haji, nimekuja na hili. Ni daftari jipya, lina waya mgongoni, na Raghid amelibandikia namba nne. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi: jina langu, siku, swala niliyoiacha, na nilichofanya. Wewe hukuniandika, nimejiandika. Kurasa zilizobaki ni nyeupe. Naomba uje kiwandani Jumamosi baada ya adhuhuri, ukae kwenye kiti cha baba karibu na sufuria, usinyanyue kitu, useme tu unachokumbuka cha mwaka ule, hata nusu, hata harufu moja, na mimi nitaandika, siku hiyohiyo, kabla ya chai. Ukisema hapana, sitakulaumu, na meza itabaki na nafasi yake, na kila atakayeuliza nitamjibu mimi.

Nawashukuru Bibi Samiha kwa kutukusanya, Hajjati kwa masufuria, na ninyi nyote kwa kuniazima masikio yenu hata pale yaliposikia yasiyopendeza. Mungu awarudishe majumbani salama.

Haji Wasfi, mafuta yanaingia baada ya siku tisa. Nakuomba unijibu mapema.